Kijani, Democratic au bila chama: ulinganisho kwa mpiga kura mpya wa Maine

Siku mdogo wangu alipokula kiapo cha uraia hapa Portland, jimbo la Maine, mlangoni palikuwa na meza ya watu wanaojitolea kuandikisha wapiga kura. Akapewa fomu. Akajaza jina, akajaza anwani na tarehe ya kuzaliwa, kisha kalamu ikasimama. Fomu ilikuwa inamuuliza yuko chama gani. Akanigeukia mimi, kaka yake mkubwa: “Yaya, hiki cha Green ndicho cha mazingira, sivyo? Nitie alama hapa?”

Nyuma yetu kulikuwa na foleni, watu wameshika bendera ndogo na simu za kupigia picha. Nikamwambia atie alama kwamba hana chama kwa sasa, tukifika nyumbani tutaongea. Tuliongea hadi chai ikapoa. Tangu hapo swali hilohilo nimeulizwa na mama mmoja wa Lewiston, na kijana wa Kigoma anayesoma Orono, na watu wawili watatu kanisani, nami kila mara najikuta nimetoa nusu ya jibu. Leo nalitoa lote.

Kwanza jina. Mtu wa Dar es Salaam akisikia chama cha kijani atawaza CCM, na mhamiaji mgeni akisikia neno green atawaza kadi ya ukaaji. Hapa kijani ni mazingira: misitu, mito, hewa, na pamoja nayo amani, haki ya jamii, na maamuzi kufanywa na watu wa chini wenyewe. Chama chenyewe kinaitwa Maine Green Independent Party. Kilianzishwa 1984, na ndicho chama cha Kijani cha kwanza katika jimbo lolote la Marekani. Nasisitiza neno jimbo kwa sababu katika nchi hii kila jimbo lina sheria yake ya vyama. Kijani wa Maine wana wanachama wao, wagombea wao na shida zao, hata kama kila miaka 4 wanakutana na wenzao wa majimbo mengine kumteua mgombea urais.

Alama kwenye fomu inaamua nini hasa

Kwetu Uvira, mashariki mwa Kongo, ukichukua kadi ya chama umeshajitambulisha kwa mtaa mzima, na zipo nyakati ambapo umejitia hatarini. Hapa hakuna kadi wala ada. Ni alama kwenye daftari la karani wa jiji, na unaweza kuibadilisha. Novemba ikifika, kwenye uchaguzi mkuu, unampigia kura mtu wa chama chochote, hakuna anayekuuliza. Kwenye uchaguzi wa jiji, Portland na Lewiston pia, karatasi ya kura haionyeshi chama kabisa.

Kwa hiyo alama hiyo ina kazi mbili tu, lakini zote mbili ni nzito.

Ya kwanza ni kura ya mchujo ya mwezi Juni, pale chama kinapochagua mgombea wake. (Watanzania huuita mchujo huo kura za maoni. Mimi nikisema kura ya maoni nitakuwa na maana ya ile ambayo wananchi wote wanajibu ndiyo au hapana.) Tangu 2024 sheria ya Maine inamruhusu mtu asiye na chama kuingia kwenye mchujo wa chama kimoja anachokitaka yeye. Mwanachama wa Kijani haruhusiwi kuingia kwenye mchujo wa Democratic, wala wa Republican, vile vyama viwili vikubwa. Ana wa kwao tu, na mara nyingi hauna wagombea wa kushindana. Sasa fikiria Portland, mji ambao Democratic wana nguvu kiasi kwamba viti vyake vingi vya bunge la jimbo huwa vimeshaamuliwa Juni. Ukiwa Kijani, siku ya uamuzi huo uko nje ya mlango. Hii ndiyo gharama kubwa ya kutia alama ya Kijani, na watu wengi hawaijui mpaka siku wanaporudishwa kituoni.

Ya pili inakwenda upande wa pili. Ili chama kibaki kinatambuliwa na jimbo, wanachama wake wasiopungua 10,000 lazima wajitokeze kupiga kura kwenye uchaguzi mkuu. Alama yako basi ni tofali. Watu wa mazingira wote wakijiandikisha kwingine kwa sababu ya mchujo, siku moja kisanduku cha Kijani kitaondoka kwenye fomu, na hakutakuwa na cha kuchagua.

Chama cha Kijani: kura chache, mawazo yanayotangulia

Ukitazama ngazi ya jimbo peke yake utakata tamaa mapema. Kijani hawajawahi kushika ugavana. Katika chaguzi 4 za ugavana, 1994, 1998, 2002 na 2006, wagombea wao walikuwa Jonathan Carter mara mbili na Pat LaMarche mara mbili, na kila mara walipata kati ya 6% na 10%. Kwa chama kisicho na matajiri, si haba. Lakini kuanzia 2010 hadi 2022 hakuna hata mgombea mmoja wa Kijani aliyefika kwenye karatasi ya kura ya ugavana.

Sababu kubwa ni hesabu ya sahihi. Mgombea wa chama anayetaka kiti cha jimbo zima, kama ugavana au useneta, lazima akusanye sahihi zisizopungua 2,000 za wanachama wa chama chake tu. Asiye na chama anahitaji 4,000, lakini za mpiga kura yeyote atakayekutana naye sokoni. Kwa Democratic, 2,000 ni kazi ya siku chache. Kwa Kijani, ambao wametawanyika katika jimbo lenye misitu karibu 90% ya ardhi yake, ni kusafiri kilomita nyingi kutafuta mlango mmoja hapa na mwingine kule. Ndiyo maana mwaka 2020 Lisa Savage, aliyeanza safari ya useneta kama Mkijani, aligeuka akagombea bila chama. Alipata takriban 5% ya kura akiwa na sera zilezile za Kijani, lakini jina la chama halikuwa karibu na jina lake.

Bunge la jimbo lina viti 151 vya wawakilishi na 35 vya maseneta. John Eder alishinda kimoja cha wawakilishi mwaka 2002, eneo la West End hapa Portland, akatetea tena 2004. Mwaka 2006 alishindwa, na aliyemshinda ni Jon Hinck wa Democratic, ambaye kazi yake ilikuwa uanasheria wa mazingira. Nimekaa sana na tukio hilo. Wapiga kura wa West End hawakuyakataa mazingira. Walipewa wanamazingira wawili, wakamchukua yule mwenye chama kikubwa nyuma yake. Naye Ben Chipman, aliyekuwa akifanya kazi na Eder, aliingia bungeni 2010 bila chama, na baadaye akawa seneta wa Democratic. Mwaka 2017 alipatikana tena mwakilishi wa Kijani, Ralph Chapman, lakini huyo alikuwa ameshachaguliwa kwa tiketi ya Democratic ndipo akahama.

Kwa hiyo ukiniuliza Kijani wana nguvu gani Augusta, makao makuu ya jimbo, nitakujibu kwamba ni ndogo. Ukiniuliza wamefanya nini Portland, vuta kiti.

Mwaka 2006, mwaka uleule Eder alipoanguka, Wakijani wawili waliingia baraza la jiji: Kevin Donoghue katika wilaya ya 1 na David Marshall, ambaye ni mchoraji, katika wilaya ya 2. Baraza lina watu 9. Wilaya hizo mbili ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mitaa ya wapangaji na wahamiaji, pamoja na East Bayside ambako familia nyingi za Kiafrika zilianzia maisha. Diwani wawili kati ya 9, kwa takriban miaka 9, wanaingia kamati, wanasoma bajeti, wanauliza barabara hii ni ya magari tu au na ya mwenye baiskeli na mwenye kusubiri basi kwenye theluji. Kumbuka karatasi ya kura ya jiji haina majina ya vyama. Hapo ndipo Kijani hupumua: mtu anapigiwa kura kwa sababu alibisha hodi nyumbani kwako, na lile swali la “chama chako kitashinda kweli?” halipo.

Silaha yao nyingine ni kura ya maoni ya jiji. Miaka hiyo ilitosha kukusanya sahihi 1,500 za wapiga kura wa Portland ili suala lipelekwe kwa wananchi. Mwaka 2013 Kijani wa Portland walikusanya zaidi ya hizo wakapeleka swali la kuruhusu bangi kwa watu wazima, na takriban 67% walikubali. Jimbo zima lilifuata 2016. (Neno kwa ambaye bado hana uraia: bangi ingali kosa kwa sheria ya serikali kuu, na inaweza kuharibu faili lako la uhamiaji hata kama duka liko wazi barabarani. Usiiguse.) Mwaka 2015 wakapeleka swali la kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa. Lilishindwa, kwa takriban 58% dhidi ya 42%. Lakini miaka 5 baadaye, Novemba 2020, dola 15 zilirudi kwenye karatasi ya kura ya Portland mikononi mwa kundi jingine, pamoja na udhibiti wa kodi za nyumba na masharti ya ujenzi usioharibu hali ya hewa, na yote yakapita.

Jambo kama hilo lilitokea kwenye misitu. Mwaka 1996 Carter aliongoza hoja ya kukataza ukataji wa kufyeka, ule wa kuangusha miti yote ya eneo kwa mara moja. Hoja ilipata chini ya theluthi moja ya kura. Lakini makampuni ya mbao na gavana wa wakati huo walilazimika kuandika mapatano yao wenyewe ili kuizuia, na jimbo zima likatumia miaka miwili likijadili namna ya kukata mti. Kabla ya hapo hilo lilikuwa suala la wenye misumeno tu.

Ukiingia Kijani basi, unaingia mahali ambapo wazo lako litasikika mapema na jina lako litachelewa kushinda. Kuna faida nyingine ambayo mdogo wangu aliipenda: chama ni kidogo, na mkutano wa kwanza tu unaweza kupewa kazi. Kwenye chama kikubwa utakaa nyuma ya ukumbi miaka kadhaa.

Democratic: sheria zenye meno

Upande wa sheria zilizopita na zinazofanya kazi leo, Democratic wa Maine wana mizani nzito, na si haki kuificha eti kwa sababu hawajiiti kijani. Edmund Muskie, aliyekuwa gavana kisha seneta, alizaliwa Rumford kando ya mto Androscoggin, mto uliokuwa umejaa uchafu wa viwanda vya karatasi kiasi cha kunuka hadi majumbani. Yeye ndiye aliyesukuma sheria za taifa za hewa safi ya 1970 na maji safi ya 1972. Mto huo ndio unaopita Lewiston. Mtoto wa Kisomali au wa Kikongo anayetembea leo kandokando yake anafaidi kazi ya mtu aliyekwenda bungeni kwa tiketi ya chama kikubwa.

Na karibuni zaidi: mwaka 2019, chini ya gavana Janet Mills, Maine ilikuwa ya kwanza Marekani kupitisha sheria ya kukataza vyombo vya chakula vya povu, ikapitisha pia katazo la mifuko ya plastiki, na ikajiwekea lengo la 80% ya umeme kutoka vyanzo visivyokwisha ifikapo 2030. Mwaka 2022 ikawa ya kwanza kukataza tope la majitaka kumwagwa mashambani, baada ya wakulima kugundua kwamba tope hilo liliacha PFAS, sumu za kemikali zisizooza, kwenye visima vyao na maziwa ya ng'ombe wao. Kwa watu wetu hili si jambo la mbali. Wabantu wa Somalia wanalima Wales, kaskazini mwa Lewiston, mahindi na maharage ya kulisha familia zao. Usafi wa udongo ndio chakula chao.

Linganisha hilo na Portland ya Kijani. Mifuko ya plastiki ilianza kutozwa senti 5 hapa jijini Aprili 2015, kwa uamuzi wa baraza la jiji. Miaka 4 baadaye jimbo likapitisha katazo. Jiji hutangulia, jimbo hufuata. Wa jijini huonja wazo, wa Augusta hulitia nguvu ya sheria. Sioni kwa nini tumdharau mmoja kwa ajili ya mwingine.

Lakini chama kinachotawala hubeba mizigo inayokibana. Mradi wa njia kuu ya umeme kutoka Quebec kupita misitu ya magharibi ya Maine uliungwa mkono na Mills, na mwaka 2021 wananchi 59% waliukataa kwa kura ya maoni. Baadaye mahakama ziliruhusu ujenzi uendelee. Wapo waliosema umeme wa maji ni msaada kwa hali ya hewa, wapo waliosema msitu uliokatwa haurudi. Mwanachama wa Democratic aliyeupinga alikuwa anapingana na gavana wake. Mkijani hakuwa na shida hiyo. Usipotawala, ulimi wako uko huru.

Republican sitawapitia kwa urefu, maana walioniuliza hawakuwauliza, ila ni haki kusema hili. Hifadhi kubwa ya jimbo, Baxter State Park, yenye mlima Katahdin, ilitolewa zawadi kwa wananchi na Percival Baxter, gavana wa Republican, aliyenunua ardhi hiyo kidogo kidogo kwa fedha zake kuanzia 1930. Hapa wavuvi, wawindaji na wakulima wengi ni Republican, na wanaujua mto na msitu kuliko sisi wa ghorofani. Usimpime mtu kwa kisanduku chake.

Hofu ya kupoteza kura

Kila ninapowataja Kijani, mtu huuliza: si ni kuitupa kura? Jibu la Maine ni la pekee, na inabidi ulijue kwa kila karatasi ya kura.

Mwaka 2010 Paul LePage alikuwa gavana kwa chini ya 38% ya kura, kwa sababu wapinzani wake waligawana zilizobaki. Hasira hiyo ndiyo iliyozaa kura ya maoni ya 2016 iliyoleta upigaji wa kupanga: unaandika chaguo la 1, la 2, la 3, asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo lao la pili. Mwaka 2018 Jared Golden alikuwa nyuma kidogo kwenye hesabu ya kwanza ya kiti cha bunge la taifa, akashinda baada ya kura za walioondolewa kuhamishwa. Portland ilikuwa imeshatangulia: mwaka 2011 meya alichaguliwa hivyo kati ya wagombea 15.

Kwenye useneta wa taifa, ubunge wa taifa, urais na umeya wa Portland, basi, mpe Mkijani namba 1 na umweke unayemkubali namba 2, hujapoteza kitu. Kwenye ugavana na bunge la jimbo mwezi Novemba, utaratibu huo hautumiki. Katiba ya Maine inasema mwenye kura nyingi ndiye mshindi, na majaji wa mahakama ya juu walitoa maoni mwaka 2017 kwamba kupanga kungepingana na maneno hayo. Hapo hofu ina msingi, na kila mtu apime mwenyewe.

Yanayofanyika nje ya kisanduku

Yule mama wa Lewiston hakuniuliza habari za Katahdin. Aliniuliza hivi: “Baba, chama gani kitaniondolea rangi ya dirishani?” Mtoto wake wa miaka 2 alipimwa akakutwa na madini ya risasi kwenye damu. Nyumba za mitaa ya katikati ya Lewiston ni za zamani sana, na rangi zilizopakwa kabla ya katazo la 1978 zina risasi. Dirisha likifunguliwa na kufungwa, rangi inasagika kuwa vumbi, mtoto anashika, anatia mkono mdomoni. Hakuna suala la mazingira lililo karibu na jamii yetu kuliko hilo.

Nilipotafuta nani alifanya nini, sikukuta chama kimoja. Mwaka 2015 Maine ilishusha kiwango kinacholazimisha ukaguzi wa nyumba ya kupanga hadi mikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Gavana alikuwa Republican, baraza moja la bunge likiwa mikononi mwa Democratic na jingine mwa Republican. Mwaka 2019 ikawa sharti watoto wote wa mwaka 1 na miaka 2 wapimwe. Mwaka 2021 Lewiston ilipata dola milioni 30 za serikali kuu kujenga upya mitaa hiyo, kwa mpango ambao wakazi wenyewe, wahamiaji wakiwemo, walikaa mezani kuuandika. Kwa hiyo nilimwambia mama: diwani wa wadi yako ni mmoja kati ya 7, na hana chama kwenye karatasi ya kura. Yeye ndiye wa kumfuata, pamoja na ofisi ya jiji inayosimamia fedha za kuondoa rangi hiyo. Wakati huohuo futa madirisha kwa kitambaa kibichi, usifagie kavu.

South Portland wana mfano mkubwa zaidi. Kampuni ya bomba la mafuta ilikuwa na uwezo wa kugeuza mkondo, mafuta mazito ya mchanga wa Canada yaje hapa yapakiwe melini, na moshi wake uwaangukie wakazi. Mwaka 2013 wananchi walipeleka kura ya maoni wakashindwa kwa kura chache. Hawakulala. Julai 2014 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kukataza upakiaji huo, kura 6 dhidi ya 1. Kampuni ikashtaki, kesi ikaenda hadi 2021, na jiji halikushindwa. Walikuwepo watu wa kila kisanduku, na wasio na kisanduku.

Wakenya wanaolisoma hili hawatashangaa. Wangari Maathai alizuia jengo la ghorofa 60 Uhuru Park mwaka 1989 bila chama chochote. Bungeni aliingia 2002 kwa mwavuli mpana wa NARC, akachukua Tetu kwa 98% ya kura, ndipo akawa naibu waziri wa mazingira. Chama chake cha kijani, Mazingira, hakikumrudisha bungeni 2007. Njia zote tatu alizipita mtu mmoja, na kila moja ilimpa kitu ambacho nyingine isingempa.

Nani aende wapi

Kama uko Portland na unataka sauti kwenye mchujo wa Juni, baki bila chama. Utachagua mchujo unaoutaka, na Novemba utampigia Mkijani ukipenda. Kwa wengi wa wanaoniuliza, hili ndilo ningelifanya, na ndilo mdogo wangu aliloamua.

Kama unataka kugombea udiwani au bodi ya shule, au una wazo ambalo vyama vikubwa vinaliogopa, nenda Kijani. Kijana wa Orono alikwenda. Sababu yake ilinigusa: anataka kuhesabiwa kati ya wale 10,000, ili wadogo zake wakifika hapa wakute kisanduku hicho bado kipo. Ajue tu kwamba mchujo wa Democratic amejifungia.

Kama unataka kuandika sheria za jimbo, kukaa kwenye kamati Augusta, au kumsaidia mgombea anayeweza kuwa gavana, ingia chama kikubwa kinachokaribiana na imani yako, na uwe tayari kunyamaza siku ambazo hukutaka kunyamaza. Na popote ulipo, ukitaka kubadili, karani wa jiji anayo fomu. Hata siku ya uchaguzi yenyewe Maine inaandikisha mpiga kura mpya. Njoo na kitambulisho na kitu kinachoonyesha unapoishi.

Neno langu la mwisho ni kwa ambao hawajaapa. Usijaze fomu hiyo, hata mtu mwema akikusihi mlangoni pa duka. Kujiandikisha kupiga kura bila uraia kunaweza kukufungia njia ya uraia wenyewe. Mwaka 2010 Portland ilipiga kura kama wakazi halali wasio raia waruhusiwe kuchagua viongozi wa jiji, ikakataliwa, 52% kwa 48%. Lakini ukumbi wa baraza la jiji hauulizi pasipoti. Jina lako, mtaa wako, dakika zako chache mbele ya kipaza sauti, na mkalimani ukiomba mapema. Vumbi la dirishani, basi lisilofika, kisima kinachonuka: hayo unaweza kuyasema huko Jumatatu ijayo, kabla hujawa na kisanduku chochote cha kutia alama.